Jinsi ya kuikagua Golf Mk6 ya 1.4 TSI kabla hujatoa hela

Habari zenu wadau, karibuni. Gari iliyo mbele yangu ni Volkswagen Golf ya kizazi cha 6, imeshushwa kutoka Japani, na mwenyewe anaiuza. Rangi, viti na redio tunaviacha, hivyo utavikagua mwenyewe. Leo tuko kwenye injini tu, maana kwenye gari hii hela yako inaokolewa au inapotelea hapo.

Tuanze na kujua injini iliyomo, kwa sababu "TSI" iliyoandikwa nyuma, jina la Volkswagen kwa injini zake za petroli, haikuambii kitu. Fungua buti, inua zulia, tazama pale linapokaa tairi la akiba. Nasogeza kamera. Mnaona stika hii nyeupe yenye herufi na namba nyingi? Tafuta kodi ya injini, yaani alama yake ya utambulisho ya herufi nne. Kwenye Golf za Japani za kizazi hiki utakutana zaidi na tatu. CBZB ni 1.2, hii ndiyo ya toleo la Trendline, cc 1,197, nguvu za farasi 105, valvu 8 tu. CAXA ni 1.4 yenye turbo peke yake, yaani feni inayozungushwa na moshi wa eksosi kusukuma hewa ndani ya injini, nguvu 122, ndiyo Comfortline nyingi. CAVD ni 1.4 ya Highline, nguvu 160, ina turbo na supachaja kwa pamoja; supachaja nayo inasukuma hewa, ila inazungushwa na injini yenyewe kwa mkanda.

Yetu ya leo ni CAXA. Silinda 4, cc 1,390, valvu 16, bloku ya chuma, na petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Usiidharau kwa sababu ya hizo cc. Torki yake, yaani nguvu ya kuzungusha, ni Nm 200, na inaipata yote kuanzia mizunguko 1,500 mpaka 4,000 kwa dakika. Injini nyingi za cc 1,800 zisizo na turbo hazifiki hapo, na hicho kidogo zilicho nacho mpaka ukanyage mafuta hadi zilie. Ndiyo maana mtu akishaiendesha Golf hii kwenye mlima anatoa hela bila kuuliza maswali. Wewe uliza.

Nikwambie na hili kuhusu ile ya supachaja. Injini ya 1.4 ya aina hiyo ilichaguliwa Injini ya Mwaka ya Kimataifa mwaka 2009, ikarudia 2010. Majaji walikuwa na sababu, kwa kweli inavuta. Lakini ndiyo hiyohiyo mafundi wanaijua kwa pistoni kupasuka kwenye kingo za ringi, hasa ikinyweshwa petroli ya oktani ya chini, yaani inayojilipukia mapema ikigandamizwa, au ikiongezwa nguvu kwa programu. Ukikuta CAVD ya bei rahisi, mimi ningepita.

Hatua ya pili ndiyo kubwa kuliko zote, kwa hiyo tutakaa hapa. Injini lazima uikute ya baridi. Mpigie muuzaji jana yake, mwambie, "Kaka, nakuja asubuhi, naomba usiiwashe mpaka nifike." Ukifika, kabla ya salamu kuwa ndefu, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, ahirisha, rudi siku nyingine. Muuzaji anayepasha injini moto kabla ya mteja kufika huwa ana sauti anayoificha.

Sauti yenyewe inatokana na cheni ya taimingi, ile inayounganisha krenki ya pistoni na kemshafti ya valvu ili zizunguke kwa wakati mmoja. Injini hizi, 1.2 na 1.4 za familia ya EA111, hazitumii mkanda, zinatumia cheni. Kwenye makaratasi cheni inadumu maisha yote ya injini. Barabarani imeonekana inarefuka. Kinachoikaza ni kikazio kinachotegemea presha ya oili. Gari ikilala usiku kucha oili inateremka, kikazio kinabaki bila nguvu, na asubuhi ukiwasha, cheni iliyorefuka inapigapiga kava lake mpaka presha ipande.

Sasa fanyeni hivi. Muuzaji akae kwenye usukani, wewe simama mbele, boneti iwe wazi, sikio lielekee upande wa kulia wa injini ukiwa umekaa kwenye kiti cha dereva, yaani upande wenye mikanda ya nje na puli. Rekodi kwa simu, itakusaidia kumsikilizisha fundi wako. Haya, washa bosi.

Mmesikia? Hapa imewaka safi, hakuna mkwaruzo. Ambayo siyo nzima inatoa mlio mkavu wa chuma kugonga chuma, krrr, sekunde mbili tatu, halafu inatulia kama hakuna kilichotokea. Atakwambia, "Hiyo kawaida ya Mjerumani, ikipata moto inaacha." Kuacha inaacha kweli. Tatizo ni kwamba cheni ikirefuka zaidi inaruka meno ya gia, taimingi inapotea, valvu zinakutana na pistoni. Hapo hutengenezi tena, unatafuta injini nyingine.

Zima, subiri, washa tena. Mlio wa cheni wa mara ya pili huwa mdogo au haupo. Ukisikia mlio unaoendelea injini ikiwa ya moto, hasa ukiachia mafuta, huenda ni kimkono cha kile kivalvu kinachopunguza presha ya turbo. Hicho ni kero, na kinarekebishika.

Tuje kwenye oili. Chomoa dipstiki, futa, rudisha, chomoa tena. Nanusa… sawa. Ikinuka petroli, gari ilikuwa ya safari fupifupi, injini haipati moto wa kutosha. Fungua kifuniko cha kujazia oili, piga tochi ndani. Ukiona utope mweusi unaoshikika kwa kidole, achana nayo. Injini hii inabeba lita 3.6 tu za oili, na hizohizo ndizo zinazolainisha turbo na kukaza cheni. Ikipungua lita moja, umepoteza zaidi ya robo. Muulize anaweka oili gani. Akikujibu 20W-50 ya dumu, jibu umeshapata. Inayotakiwa ni sintetiki yenye kibali cha VW 502 00 au 504 00, kwa kawaida 5W-40 au 5W-30, na jicho lako liwe kwenye hizo namba za kibali nyuma ya kopo, siyo kwenye picha ya gari la mbio mbele. Kwa foleni na vumbi letu mimi nabadilisha kila kilomita 5,000. Vitabu vinaruhusu zaidi, lakini vitabu havijakaa kwenye foleni ya Mbezi, Dar, saa kumi na mbili jioni.

Rangi ya kulanti, maji ya kupozea injini, kwenye chupa iwe ya waridi au zambarau. Ukiona maji meupe ya bomba, au rangi ya kutu, ujue kuna mahali panavuja na mtu anajazia. Injini hii inapoza hata hewa ya turbo kwa maji, ndani ya menifoldi ya kuingizia hewa, kwa hiyo maji machafu yanafika mbali. Ukizima gari ukasikia kipampu kinavuma chenyewe, usiogope, kinapoza turbo.

Sasa mashine ya kupimia. Chomeka chini ya usukani, usome kodi za hitilafu kabla mtu hajafuta chochote. P0016 ina maana krenki na kemshafti hazisomani, na kwenye injini hii mtuhumiwa wa kwanza ni cheni. P0299 ni turbo haifikishi presha. P0300 mpaka P0304 ni silinda kukosa moto, inaweza kuwa plagi au koili, au masizi yaliyojaa kwenye valvu za kuingiza hewa, kwa sababu petroli haipiti pale kuziosha. Mashine ikionyesha kuwa kodi zimefutwa asubuhi hiyohiyo, muulize kwa upole ni nani aliyefuta na kwa nini.

Tunatoka barabarani. Tafuta mlima, weka gia ya tatu kwa mkono, mizunguko kama 1,800, kanyaga taratibu mpaka mwisho. Inatakiwa ivute kwa mfululizo, bila kukatika na bila taa ya njano kuwaka. Mwenzako wa nyuma atazame eksosi, moshi wa bluu ni oili. Kisha ingia kwenye foleni makusudi. Gia boksi ya gari hii ni DSG, otomatiki ya Volkswagen ya gia 7 yenye klachi kavu mbili, na ugonjwa wake unajionyesha pale pa kusogea na kusimama. Ikitetemeka kutoka ya kwanza kwenda ya pili, klachi zimechoka. Ikikataa gia ghafla na alama ya gia kuanza kumeta kwenye dashibodi, hapo ni mekatroniki, kifaa cha umeme na presha ya oili kinachobadilisha gia, na bei yake ulizia ukiwa umekaa.

Kabla hujarudi pita sheli, fungua kifuniko cha tangi usome oktani. Hii inataka 95. Huko Japani magari haya yalikuwa yananyweshwa petroli ya daraja la juu, kwa sababu ya kawaida kule inaanzia 89. Mwulize mwuza mafuta oktani ya pampu yake.

Mkiniuliza kama ningenunua CAXA, ningenunua, ila kwa masharti. Bajeti iwe na hela ya cheni pembeni, na iwe seti nzima: cheni, kikazio, reli zake na gia, kisha mkague kile cha kugeuza taimingi kwenye kemshafti. Boliti ya puli ya krenki haitumiki mara mbili, inunuliwe mpya. Fundi awe na vifaa vya kufungia kemshafti na krenki. Akikwambia anapiga alama kwa chokaa, mshukuru na uondoke na gari yako. Mwenye uwezo wa kuongeza hela aangalie Golf Mk7, iliyoanza mwishoni mwa 2012. Humo 1.4 TSI ni ya familia mpya ya EA211, cc 1,395, bloku ya aluminiamu, na taimingi imerudishwa kwenye mkanda.

Na muuzaji akisema cheni imeshabadilishwa, omba risiti, kisha omba cheni ya zamani. Fundi makini huiacha ndani ya boksi la mpya, kwenye buti.