Hemu ya Krismasi: Unapasha, Hupiki

UPENDO: Haya, karibuni tena jikoni. Mimi ni Upendo, tuko Houston, na leo ninaye shemeji yangu Deo. Shemeji, nasikia umepewa jukumu.

DEO: Nimepewa, shemeji. Mama mkwe kasema hemu ya Krismasi mwaka huu ni ya kwangu. Kwa hawa wakwe zangu hiyo ndiyo inakaa katikati ya meza. Pilau yangu wanaisifia, lakini huwa inawekwa kule pembeni karibu na soda.

UPENDO: Pole. Sasa yule wa Moshi anayejua kitimoto na ndizi za kukaanga tu, mwambie hemu ni nini.

DEO: Ni paja la nyuma la nguruwe. Linalazwa kwenye chumvi, au linadungwa maji ya chumvi, halafu mara nyingi linapitishwa kwenye moshi. Ile rangi ya pinki inatokana na naitraiti wanayochanganya na chumvi. Bila hiyo ungekuta nyama ya kijivu.

UPENDO: Na ndugu zetu Waislamu na Wasabato, msituzime. Sosi tutakayoitaja inamfaa hata kuku. Tuanzie dukani.

DEO: Dukani soma lebo, tena soma vizuri. Kwa sheria ya Marekani, jina linaendana na kiasi cha protini kwenye ile nyama ukiondoa mafuta. Ikiandikwa "ham" peke yake, protini ni angalau asilimia 20.5. "Ham with natural juices", yaani yenye majimaji yake, inashuka mpaka 18.5. "Ham, water added", yaani iliyoongezwa maji, ni 17. Chini ya hapo inaitwa "ham and water product", na lazima waandike kiasi walichoongeza.

UPENDO: Yaani unanunua maji kwa bei ya nyama.

DEO: Na yale maji yatatoka tu. Yanajaa kwenye trei, na sosi unayopaka inateleza nayo. Kwa hiyo ukiona bei ya kutupa, geuza paketi kwanza.

UPENDO: Kuna na zile zinazoning'inizwa kwenye vyumba vya moshi kule Virginia.

DEO: Hizo ni ukoo mwingine. Zinasuguliwa chumvi kavu na kukaa miezi. Virginia walipitisha sheria mwaka 1926 kwamba hemu haiitwi ya Smithfield mpaka iwe imeandaliwa ndani ya mji huo. Ni tamu kweli, ila chumvi yake ni kali, unailoweka kwanza na unakata vipande vyembamba. Mimi naizungumzia ile ya kawaida ya supamaketi, yenye mfupa, ambayo imeshaiva kiwandani.

UPENDO: Hapo ndipo penye kisa chote.

DEO: Ndipo hapo. Mtu anaichukua kama nyama mbichi, anaitupia moto mkali kwa muda wa saa nne, halafu analalamika imekauka. Hemu iliyokwisha kuiva unaipasha tu. Oveni nyuzi 325 za Fahrenheit, ambazo ni kama 163 za Celsius. Unailaza upande uliokatwa ukiangalia chini, unamimina kikombe cha maji au juisi kwenye trei, unafunika foili mpaka mvuke usipate pa kutokea. Nusu paja lenye mfupa, hesabu kama dakika 40 mpaka 50 kwa kilo.

UPENDO: Mimi saa siiamini. Naamini kipimajoto.

DEO: Uko sahihi. Kikifika nyuzi 60 za Celsius katikati, imetosha, kama ni paketi iliyofungwa kwenye kiwanda kilichokaguliwa. Kama bucha amefungua na kufunga upya, peleka mpaka 74. Na ncha isiguse mfupa, itakudanganya.

UPENDO: Na zile zilizokatwa kuzunguka mfupa tayari?

DEO: Ahaa, hizo alizianzisha bwana mmoja wa Detroit, Harry Hoenselaar. Hataza ya mashine yake, yaani hati ya kulinda ubunifu wake, ni ya mwaka 1952. Kwa kugawa mezani hazina mpinzani. Lakini kila palipokatwa pana njia ya maji kutokea, na huwezi kuchanja mafuta kwa urembo. Mimi nachukua ile ambayo haijakatwa vipande.

UPENDO: Tuambie hiyo kuchanja.

DEO: Kisu chenye makali, mistari ya mshazari huku na huku mpaka upate vidonda vya umbo la almasi. Kina ni kama nusu sentimita: unakata mafuta, nyama huigusi. Ukizama sana, yale mafuta yanafunguka kwenye joto na kuanguka vipande vipande. Kila mistari inapokutana, unachomeka karafuu moja. Kichwa nje, mguu ndani.

UPENDO: Na hapo, shemeji, na sisi tumo mezani. Karne ya 19 karafuu nyingi iliyouzwa duniani ilitoka Unguja na Pemba. Kimbunga cha mwaka 1872 kikafagia mikarafuu ya Unguja, Pemba ikabaki kuwa ndiyo shamba lenyewe. Watu wa huko wengi hawaigusi hiyo hemu, lakini viungo vya kuipamba vilitoka mikononi mwao.

DEO: Ila usijaze kila almasi, jamani. Karafuu ikizidi inatia ganzi ulimi na husikii kitu kingine. Ruka moja, weka moja. Na uzitoe kabla ya kukata, maana mtoto akiitafuna nzima, chakula kimeishia hapo.

UPENDO: Sosi sasa.

DEO: Kikombe cha sukari ya kahawia, nusu kikombe cha juisi ya nanasi, vijiko viwili vya haradali, kijiko cha siki. Chemsha huku unaangalia mapovu. Mwanzoni ni madogo na yana haraka. Yakiwa makubwa na mazito, yanapasuka polepole, chovya kijiko: ikigandia mgongoni, epua.

UPENDO: Mimi siki naiacha, naweka ukwaju uliochujwa. Chumvi ya hemu inataka uchachu wenye mwili.

DEO: Nitajaribu, ila mama mkwe asijue. Muhimu usiipake mapema. Sukari inaungua. Ngoja zibaki dakika 30, vua foili, pandisha moto mpaka nyuzi 400 za Fahrenheit, kama 200 za Celsius, upake kila baada ya dakika kumi, na usiondoke jikoni kwenda kuangalia mpira.

UPENDO: Na nanasi?

DEO: La kopo.

UPENDO: Deo! Nanasi bichi lipo, unaniletea kopo?

DEO: Sikiliza. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinaitwa bromelaini, kinavunja protini. Ukilibandika juu ya nyama kwa saa mbili kwenye moto wa taratibu, sehemu ya juu inalegea kama uji. La kopo limeshapikwa, kimeng'enya kimekufa. Ndiyo maana Wamarekani walizoea la kopo, na pia James Dole, aliyeanzisha kampuni yake Hawaii mwaka 1901, alilitangaza sana kwenye magazeti ya nchi nzima.

UPENDO: Basi bichi nalichoma kwenye kikaango kwanza, liive, ndiyo nalipandisha mwishoni.

DEO: Hapo sina neno. Libane kwa vijiti vya meno wakati wa kupaka mara ya pili.

UPENDO: Na ile cheri nyekundu katikati ya tundu la nanasi siitaki nyumbani kwangu. Ni sukari na rangi. Weka vipande vya chungwa na maganda yake, vinatoa uchungu kidogo.

DEO: Bila cheri watoto watagoma, shemeji.

UPENDO: Wagome. Ikitoka, dakika 15 ipumzike, ndipo ukate. Mabaki je?

DEO: Kwenye friji ndani ya saa mbili, siku tatu mpaka tano uwe umemaliza. Mfupa usitupe. Watu wa Kusini hapa Marekani wanauchemsha na collard, ambayo ni sukuma wiki ile ile, au na kunde za Mwaka Mpya. Mimi nautia kwenye maharage tangu yakiwa mabichi.

UPENDO: Na chumvi?

DEO: Usiguse kopo la chumvi mpaka maharage yaive na uonje.