Zima Taa, Kumbikumbi Hao!

KOKU: Salim, waambie wasikilizaji kwa nini ulinipigia simu Jumanne usiku.

SALIM: Kumbikumbi, dada Koku. Mvua imekatika magharibi, ardhi imelowa, joto liko palepale. Mama Zuhura kawasha taa ya barazani, anamsubiri mgeni. Kufumba na kufumbua, ukuta mzima unatembea! Wakapenya chini ya mlango, sebule ikajaa, mbawa mpaka kwenye sufuria ya wali.

KOKU: Nami nikakuuliza kama beseni lipo. Zima taa zote za ndani, acha moja nje, mbali na mlango, na chini yake tega beseni la maji. Wanafuata mwanga, wanadondokea majini. Mwanya wa mlango uzibe kwa kanga kuukuu. Na ukinunua taa ya baraza, chukua ya mwanga wa njano, nyeupe inavuta wadudu wengi zaidi. Hawa hawaumi mtu. Vichuguu vya eneo zima hufunguka pamoja baada ya mvua, wanaruka kutafuta wenza, wakitua wanadondosha mbawa na kuchimba ardhi waanzishe kichuguu kipya.

SALIM: Nilifanya hivyo. Asubuhi beseni limejaa, na jirani yetu, bibi mmoja wa Rorya, akaja na ungo. Akapepeta mbawa, akawakaanga kwenye sufuria kavu, maana wana mafuta yao wenyewe. Chumvi kidogo tu. Koku, wale ni watamu kuliko senene, panzi wenu wa Bukoba.

KOKU: Salim! Bukoba wanakusikia!

SALIM: Wasikie.

KOKU: Senene ana nyama, ndugu yangu. Unamnyonyoa mbawa na miguu, unamkaanga taratibu mpaka alie kikaangoni. Msimu ukifika, Novemba hivi, utaona mabati yamesimamishwa, taa kali juu, mapipa chini. Senene anagonga bati, anateleza, yuko pipani. Hakuna anayemfukuza!

SALIM: Unaona? Bati, pipa, umeme. Kumbikumbi anakuja mwenyewe mpaka sebuleni.

KOKU: Bibi yangu alikuwa anaokota senene alfajiri, anampikia babu, yeye hagusi. Mila ya zamani ya Kihaya ilimnyima mwanamke senene aliyemwokota kwa mikono yake. Mimi nikila leo, nakula na fungu lake. Kwa hiyo usiniambie habari za kumbikumbi.

SALIM: Hapo umenishika, dada. Lakini kwa utamu tu...

KOKU: Twende kwenye mbu, muda unakwenda. Mbu wa malaria haongozwi na taa kama kumbikumbi, anafuata pumzi yako na harufu ya mwili. Akigonga ukuta anapanda juu mpaka uwazi kati ya ukuta na paa. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wamejaribu kuzungushia uwazi huo utepe wa gunia uliotiwa dawa. Na Gambia, utafiti uliotoka 2009 ulionyesha kuwa nyumba zikiwekwa wavu, hata dari ya wavu peke yake, watoto wenye upungufu wa damu, ambao malaria huuleta, wanapungua. Basi weka wavu kila tundu, mpaka matofali ya matundu ya juu.

SALIM: Hapo sikubali. Dar, mwezi wa pili, wavu ukishika vumbi hewa haipiti. Watu wanatandika mkeka nje mpaka saa sita usiku, wanaumwa hukohuko. Hela iende kwenye chandarua na wavu wa madirisha. Matundu ya juu yaache.

KOKU: Chandarua unaingia saa nne. Tangu saa moja unakingwa na nini? Wavu unaoshwa.

SALIM: Nani apande ngazi kuosha? Mpangaji wa chumba kimoja?

KOKU: Mwenye nyumba.

SALIM: Huyo huyo anayepandisha kodi?

KOKU: Mtoto wa dada yangu alilazwa kwa malaria mwaka jana, Salim. Siwezi kumwambia mtu aache tundu wazi.

SALIM: Pole, dada. Na mimi mama ana pumu. Usiku wa joto namsikia anavyohema. Siwezi kumzibia hewa.

KOKU: Wavu hauzibi hewa.

SALIM: Unaipunguza. Kwake hiyo ndogo ni kubwa.

KOKU: Sikubali.

SALIM: Wala mimi.

KOKU: Fundi mitambo ananionyesha dakika moja, na tulikuwa na mambo matano ya kufundisha!

SALIM: Moja tu, kwa msikilizaji wa Tabata mwenye nzi wa choo cha shimo. Bomba la hewa livishe wavu juu, na ndani ya choo kuwe na giza. Nzi wanafuata mwanga wa bomba, wanakwama.

KOKU: Nzi wa jikoni wiki ijayo. Na yule aliyeuliza kuhusu dawa ya kupuliza, tafadhali usipulize chumba chenye mtoto mchanga, subiri tuk–

SALIM: Tumekatwa.