Darasani Hakuna Kupatana Bei

Mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, Mwenyekiti wa Bodi, walimu, wazazi na walezi, shikamooni. Wenzangu wa Kidato cha Tatu, mambo? Itifaki imezingatiwa. Nimepewa dakika kumi na Mwalimu wa zamu ameshika saa.

Mada niliyopangiwa ni "Kijana wa leo na tamaa ya anasa". Nilipoiona kwenye ubao wa matangazo nikajua aliyeiandika ana jibu lake mfukoni. Naomba niigeuze kidogo. Nitasema tunavyonunua, tunavyosikiliza muziki, halafu tunavyosoma, na mtaona kwa nini nimeyaweka pamoja.

Nianze Kariakoo. Januari mwaka jana mama alinipeleka kununua viatu vya shule. Tulishuka Msimbazi tukaingia Mtaa wa Kongo, pale ambapo ukisimama kidogo tu mkokoteni unakusukuma kisigino. Kaka mmoja akatuwahi: "Mama karibu, kushika ni bure." Mama akachukua kiatu. Bei hakuuliza. Alikikunja mpaka kisigino kikakaribia ncha, akakinusa, akapitisha ukucha ukingoni mwa soli. Nikamuuliza ananusa nini. "Gundi," akasema. "Kikinuka hivi, ujue kimebandikwa tu, hakikushonwa. Masika hayatakiacha." Akachukua kingine, akanusa, na hapo ndipo alipouliza.

"Elfu thelathini na tano, mama. Ngozi hiyo, orijino."

Mama akakirudisha taratibu kama anayelaza mtoto. "Haya baba, biashara njema." Tukaondoka. Nilihesabu: hatua ya nne tukaitwa. "Mama usichukie, njoo tuongee! Tangu asubuhi sijauza, nifungulie!"

Bei tuliyoishia siwaambii, maana mama yumo humu ndani na ana wapinzani wake.

Lakini angalieni robo saa ile ilivyokuwa nzito. Nilijifunza kwamba bei ya kwanza ni salamu tu, kwamba muuzaji naye ana shida zake, na kwamba anayeweza kuondoka ndiye mwenye nguvu. Na nilipouliza habari ya gundi, hakuna aliyenikaripia.

Nguo zangu nyingi ni za mtumba, kutoka soko la Karume, na siku ya kufungua balo sisi wasichana tunafika kabla jua halijawa kali, kwa sababu nzuri zinaondoka kwanza na jioni zinamwagwa chini, "chagua buku, buku". Kuna mama mmoja ninayenunua kwake. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba sokoni hatua kwa hatua, ili viwanda vyetu vya nguo vipate pumzi. Marekani wakaja juu, wakatishia kuzitoa nchi hizi kwenye AGOA, ule mpango ulioruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia kwao bila ushuru. Wengine tukalegea. Rwanda ikakaza, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishwa kwenye mpango huo. Mama yule hakuyasoma mahali. Anayajua kwa sababu siku hizo hakupata usingizi, anawaza mtaji wake. Soko la Karume lilipoungua Januari 2022 naye alikuwamo kwenye hasara. Ingekuwa amri yangu, somo letu la Biashara lingeanzia kwenye kigoda chake.

Sasa muziki, maana najua ndio mnaousubiri.

Baba zetu wanasema singeli ni kelele. Sawa, inakimbia. Imezaliwa uswahilini, Manzese na Tandale huko, kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha, na ukitega sikio utasikia mchiriku, muziki wa mtaani wa zamani, ndani yake. Kwetu nyumbani lakini, vita yenyewe ni ya taarabu na bongo fleva. Mama ni wa Khadija Kopa, mimi ni wa Zuchu. Mnaojua mnacheka tayari: tunagombana juu ya mama na mwanawe wa kumzaa. Mama anasema wa kwake anapiga mafumbo, wa kwangu anasema mambo waziwazi. Mimi nikasema fumbo lipo, ila limevaa nguo za siku hizi. Basi jioni moja akakaa kwenye mbuzi anakuna nazi, mimi nimeshika simu, tukabishana mstari kwa mstari: hapa anasema nani? Anamsema nani? Mbona hajamtaja jina? Wali ulichelewa siku hiyo.

Ule ulikuwa uhakiki, walimu wangu wa Kiswahili. Darasani uhakiki wetu ni dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, tunazikariri kutoka kwenye madesa yaliyopigwa kopi mpaka herufi zimefifia. Wako wenzangu wanaohakiki tamthiliya ambayo hawajawahi kuishika mkononi, na wanafaulu.

Sijasema sisi ni malaika. Bando tunalibana kweli, video tunaishusha ubora mpaka sura za watu zinakuwa uji, wimbo anaupakua mmoja tu, wengine tunarushiana. Lakini nimewahi kujiunga bando la usiku nikalala saa nane, na kwenye kipindi cha Fizikia nikaota ndoto nzima na mwisho wake. Nimewahi pia kununua krimu kwa sababu tu dada mmoja mtandaoni kaisifia. Paji lote la uso likatoka vipele. Mama hakunifokea. Aliuliza tu, "Uliinusa?"

Masomo. Hapa naomba nisiharakishe.

Darasa la saba nilijua usanisinuru, na ningeweza kumweleza bibi yangu akaelewa kwa nini mchicha unataka jua. Januari nikaingia Kidato cha Kwanza, nikakuta jani ni lilelile, jua ni lilelile, ila majina yote yamebadilika usiku mmoja. Tumesoma msingi kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Mwalimu anajaza ubao, sisi tunanakili. Fikirini mmepelekwa soko la nchi ya mbali ambako lugha hamuijui. Mtapatana bei vipi? Mtatoa noti, mtapokea mtakachopewa, mtashukuru. Ndivyo tunavyokariri.

Muhula uliopita, mtihani wa Biashara ulituuliza bei inapangwaje sokoni. Nikaeleza hatua nne za mama, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Nikapata sifuri kati ya kumi, na wino mwekundu: fuata notsi. Jirani yangu alichora ile mistari miwili inayokatana, ya mahitaji na ugavi, akapewa nane. Tulipotoka nje akaniuliza, "Hivi ule mstari unaoshuka ni wa nini?"

Mwalimu simlaumu, na nasema hivi akiwa ananitazama. Darasani tuko 94. Madaftari yetu yakirundikwa mezani, aliyekaa nyuma yake haonekani. Naye anajua kwamba mwakani tunapimwa na Baraza la Mitihani, NECTA, na kwamba shule itasomwa hadharani kwa divisheni zake. Pointi 7 mpaka 17 ndiyo divisheni wani, na mtaa mzima utajua nani kaipata. Anayesahihisha ana mwongozo mezani, na kwenye mwongozo hamna Mtaa wa Kongo.

Na nyinyi wazazi mna mkono humu. Ripoti ikifika nyumbani swali ni moja: "Umekuwa wa ngapi?" Nikiwa wa kumi na mbili nasemwa, nikiwa wa tatu nachinjiwa kuku. Hamjawahi kuniuliza kilichomo. Kiatu mnakinusa, ripoti hamuinusi.

Ombi langu ni dogo na halihitaji bajeti. Mwalimu wetu mmoja wa Historia ameanza jambo siku za Ijumaa: dakika kumi za mwisho ni za maswali, na Kiswahili ruksa. Wiki ya kwanza tulitazamana tu. Hakuna aliyenyoosha mkono, si kwamba tumeelewa yote, ila hatujazoea. Wiki ya pili mtu mmoja akauliza kama litatoka kwenye mtihani. Wiki ya tatu, mwenzetu mmoja anayeuza maji stendi jioni akasimama kule nyuma. Siku hiyo tulikuwa tumesoma kodi ya nyumba waliyotozwa babu zetu na Wajerumani. Akasema, "Mwalimu, samahani. Hizo hela za kodi watu walizitoa wapi? Si walikuwa wanalima chakula chao tu?"

Mwalimu akaweka chaki chini. Akasema, hapo ndipo penyewe. Hawakuwa nazo, na aliyeitoza alilijua hilo. Ukitaka hela ilibidi utoke kwako, ukafanye kazi shambani kwa mzungu au ulime zao analolitaka yeye. Mimi kodi ile nilikuwa nimeinakili kama mstari mmoja kwenye orodha ya mbinu za wakoloni, namba nne. Mwenzetu yule aliisikia kama mtu anayejua hela inapatikanaje. Kengele ililia na sisi bado tumekaa, mpaka Mwalimu wa zamu, huyu huyu, alipokuja kutufukuza.

Tunaomba dakika kumi hizo kwenye masomo yote, na nyumbani pia, siku ya ripoti.

Naona naonyeshwa saa. Viatu vyenyewe ndivyo hivi nilivyovaa. Vimeshapita masika na vuli na soli haijaachia. Anayetaka kujua bei amuulize mama, yule pale nyuma mwenye kitenge cha njano. Ila akiwatajia, ya kwanza msiikubali.