Miaka 15 ni Kuchelewa: Hasheem Thabeet na Watoto Wetu wa Darasa la Tatu

Walimu wenzangu, makocha, waratibu wa michezo, na nyinyi vijana mliokosa viti mkasimama mlangoni: wakubwa zangu shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimepewa mada ya maisha ya Hasheem Thabeet katika kikapu cha kulipwa. Mnayoyajua sitawasimulia. Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani, urefu mita 2.21, shule ya Makongo, kisha Kenya, Houston, chuo kikuu cha Connecticut, na drafti ya 2009, ile siku timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, yeye akachaguliwa namba mbili. Hayo hata mtoto anayeokota mipira pale Kidongo Chekundu anakutajia bila kukosea. Mimi nimekuja kwa jambo moja, na walionisikia mahali pengine watanivumilia, maana nitalisema mpaka lifanyiwe kazi. Kijana yule alianza kucheza kikapu akiwa na miaka 15.

Miaka 15! Naomba namba hiyo mwondoke nayo, kuliko ile namba mbili ya drafti ambayo kila mtu anaing'ang'ania.

Kila nikisimama mbele za watu huulizwa swali lile lile: "Kocha, kwa nini Hasheem alishindwa?" Alishindwa nini, jamani? Amecheza mechi 224 za NBA, katika timu za Memphis, Houston, Portland na Oklahoma City. Baada ya hapo ameendelea kuishi kwa kikapu, Japani, kisha Taiwan, katika umri ambao wengi wa rika lake walikuwa wameshastaafu. Katika nchi yetu ya watu zaidi ya milioni 60, nitajieni wa pili aliyefika alikofika yeye. Basi tuache kumhoji Hasheem. Wa kuhojiwa tumo humu ukumbini.

Nawaomba mwangalie miaka yake mitatu ya chuo kikuu, kwa kuwa ndipo palipo na somo. Connecticut, chini ya kocha Jim Calhoun, 2006 hadi 2009. Pale alizima mitupo 417, yaani mara 417 aliupangua mpira wa mpinzani uliorushwa kuelekea kikapuni. Katika historia ya chuo kile aliyemzidi ni Emeka Okafor peke yake. Mchezaji bora wa ulinzi wa Big East, ligi ya vyuo aliyochezea, mara mbili mfululizo, 2008 na 2009. Januari 2009 walipocheza na Providence alipata pointi 15, ribaundi 11, yaani mipira iliyokosa kikapu akaidaka, na mitupo 10 akaizima. Msimu huo timu yake ikafika nne bora za Marekani nzima. Mtu akikwambia urefu tu ulitosha, mwambie warefu ni wengi. Kuzima mitupo minne kwa mechi kunataka macho, kunataka kuhesabu muda, kunataka ujasiri wa kuruka huku mwenzako anakuja na mwili wote. Hasheem alivijenga hivyo kwa miaka michache mno, na mimi namvulia kofia.

Lakini kuna kitu makocha wa NBA walikiona na sisi mashabiki hatukukiona. Kwenye kikapu cha vyuo vya Marekani mlinzi anaruhusiwa kusimama chini ya kikapu muda anaotaka. Kwenye NBA, tangu msimu wa 2001 na 2002, haruhusiwi. Sote tunaijua sekunde tatu ya mshambuliaji, kwamba hakai chini ya kikapu cha wapinzani zaidi ya hapo. Kule na mlinzi anayo: kama humkabi mtu karibu yako, sekunde tatu zikipita unatakiwa uwe umeshatoka eneo lile, la sivyo wapinzani wanapewa mtupo wa adhabu. Sasa mchukue kijana ambaye silaha yake kuu ni kusimama langoni, umwambie atoke, amfuate mtu hadi nje, ageuke, arudi, atoke tena. Hapo hushindani tena kwa urefu. Unashindana kwa miguu, na miguu ya mchezaji hutengenezwa utotoni.

Dalili zilionekana kabla ya drafti. Tarehe 16 Februari 2009, siku Hasheem anatimiza miaka 22, Connecticut ikiwa namba moja kwa ubora nchini kwao, walicheza na chuo cha Pittsburgh. Kulikuwa na kijana anaitwa DeJuan Blair, mita 2 na sentimita moja hivi, mfupi kwa Hasheem kwa kadiri ya shubiri nzima. Blair alimweka mgongoni, akashuka chini, akamsukuma kwa nyonga, na kuna tukio moja walipogombea mpira akambeba begani akamwangusha upande wa pili. Pointi 22, ribaundi 23. Pittsburgh wakashinda. Watu walicheka lile tukio la kuangushwa, na hadi leo wanalirusha kwenye simu zao. Mimi huwaonyesha vijana wangu sekunde chache kabla ya hapo: tazama miguu ya Blair ilivyokaa, tazama nyonga ilivyo chini, tazama alivyoipata nafasi kabla mpira haujafika. Mambo yale hayafundishwi kwa mwaka mmoja.

Sasa nakuja Memphis, na hapa mniruhusu nikae, maana hiki ndicho kisa ninachotaka kila mwalimu wa shule ya msingi akijue.

Hasheem amechaguliwa namba mbili, nyuma ya Blake Griffin na mbele ya James Harden. Stephen Curry alikuwa wa saba. Anaingia chumba cha kubadilishia nguo cha Memphis Grizzlies na kumkuta mtu anayecheza nafasi ile ile, Marc Gasol wa Hispania. Mnajua Gasol alichaguliwa namba ngapi kwenye drafti ya 2007? Namba 48! Namba mbili amefika, namba 48 yupo, kikapu ni kimoja. Nani alicheza? Gasol. Hasheem alipata kama dakika 13 kwa mechi msimu wa kwanza, pointi tatu na kidogo. Februari 2010 wakampeleka timu ya Dakota, kwenye ligi ya maendeleo iliyo chini ya NBA, na hadi siku hiyo hakuna mchezaji wa namba ya juu kiasi kile aliyewahi kushushwa huko. Mwaka mmoja baadaye wakamuuza Houston. Gasol alibaki, akawa mlinzi bora wa NBA nzima mwaka 2013, na mwaka 2019 akatwaa ubingwa na Toronto.

Tofauti ya watu wale wawili ni nini? Si akili. Si bidii, maana aliyetoka Dar es Salaam bila mtu wa kumtangulia mpaka akafika pale, bidii yake hupimi. Si urefu, Hasheem alimzidi. Si kuruka, hapo hata hawalingani. Marc Gasol amezaliwa Barcelona, baba na mama wote walicheza kikapu. Kaka yake Pau alikuwa NBA Marc akiwa bado anasoma. Mpira ulikuwa sebuleni. Amelelewa katika nchi ambayo mtoto wa miaka minane ana klabu, ana kocha, ana mechi kila wiki. Alipofika umri wa miaka 15, umri ambao Hasheem alikuwa anaanza kuushika mpira, mwenzake alikuwa na miaka mingi ya kupokea, kugeuka, kutoa pasi bila kutazama, kusimama mahali sahihi bila kuambiwa. Drafti ilipima walichoweza kuwa. Dakika za uwanjani zilipima walichokula utotoni. Udongo uwahi ungali maji, wazee walitwambia, na sisi tunaukuta umekauka kisha tunamlaumu mfinyanzi.

Najua kuna mtu ana Olajuwon mdomoni. Namwona pale anatabasamu. "Kocha, Hakeem Olajuwon wa Lagos naye alichelewa, na akawa bingwa mara mbili na Houston, 1994 na 1995." Kweli kabisa, alikianza kikapu akiwa kijana mkubwa. Lakini alikuwa anafanya nini kabla? Alikuwa golikipa wa mpira wa miguu, na mchezaji wa mpira wa mikono. Zile nyayo zake ambazo wachezaji wakubwa wa Marekani walikwenda kwake kujifunza zilianzia langoni Lagos. Joel Embiid wa Yaoundé alianza kikapu na miaka 15 kama Hasheem, lakini alitoka kwenye mpira wa wavu na wa miguu. Na timu yake, Philadelphia, walimsubiri! Amechaguliwa wa tatu mwaka 2014, akakosa misimu miwili mizima kwa majeraha, hawakumuuza, na 2023 akawa mchezaji bora wa ligi. Memphis haikuwa na subira hiyo, ilikuwa na Gasol.

Na Dikembe Mutombo, Mungu amrehemu, aliyetoka Kinshasa akitaka kuwa daktari? Naye alichelewa. Alikaa chuo kikuu cha Georgetown kwa kocha John Thompson, akaingia NBA mwaka 1991 akiwa mtu mzima wa miaka 25, mwili umekomaa, kazi yake anaijua. Alikuwa mlinzi bora mara nne. Kwa hiyo mlango wa waliochelewa upo, sikatai. Unapitika kwa mchezo mwingine utotoni, au kwa muda wa kutosha kukomaa, au kwa timu yenye subira. Hasheem alitakiwa kuwa tayari papo hapo, kwa sababu aliyechaguliwa wa pili hapewi likizo ya kujifunza.

Kuna na Bismack Biyombo, wa Lubumbashi. Huyu alikwenda Hispania, akacheza timu ya Fuenlabrada na wanaume wazima wanaokula kwa mpira, ndipo akachaguliwa wa saba mwaka 2011. Ni mfupi kwa Hasheem, pointi zake hazikuwahi kuwa nyingi, na bado ameishi NBA zaidi ya miaka kumi. Alifika akiwa ameshafundwa kazi. Mshahara wake wa msimu wa 2021 na 2022 aliutoa wote kujenga hospitali kwao kwa kumbukumbu ya baba yake. Huyo nitamzungumza siku nyingine, anastahili mhadhara wake.

Turudi kwetu. Huwa naambiwa, "Kocha, hatuna viwanja." Ndugu zangu, hoja hiyo imenichosha. Viwanja ni vichache, nakubali, na vya watu wazima ndiyo vinavyoonekana: Don Bosco, JMK Park, Uwanja wa Ndani wa Taifa. Lakini mtoto wa darasa la tatu hahitaji uwanja wa Taifa! Kikapu cha mtoto kinafungwa mita 2.60, si mita 3.05. Mpira wake ni namba 5, si namba 7. Hiyo ndiyo kanuni ya kikapu cha watoto ya shirikisho la dunia, FIBA. Mabomba mawili, ubao, ringi aliyochomelea fundi wa mtaani, na udongo ulioshindiliwa ukashika. Mtoto wa miaka minane ukimpa mpira wa namba 7 na ringi ya juu, anarusha kwa mikono miwili kutoka kiunoni, na tabia hiyo hatoiacha. Mpe wa namba 5, atarusha kama inavyopasa tangu siku ya kwanza.

Na si lazima awe mrefu. Hili linaniuma. Tunapita mashuleni kutafuta warefu, tunamchukua wa kidato cha tatu kwa sababu amegonga kichwa mlangoni, tunampeleka UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, baada ya mazoezi ya haraka haraka, na wale wafupi mia waliokuwa wanadunda vizuri tunawaambia wakacheze kitu kingine. Hatujui nani atarefuka. Fundisha wote. Huyo atakayefika mita mbili akiwa na miaka 16 atakuwa tayari anajua kupiga pivoti, yaani kugeuka juu ya mguu mmoja uliobaki chini.

Naonyeshwa saa. Nilikuwa nimeandaa habari ya mabinti, ambayo ni kubwa kuliko dakika nilizobakiwa nazo, na habari ya fedha za mchezaji anaporudi nyumbani. Hizo waandaaji mnidai. La marefa nitasema moja tu: refa wa mechi ya watoto asipige filimbi kwa kila kutembea na mpira bila kuudunda. Asimamishe, aonyeshe, waendelee. Mtoto aliyepigiwa filimbi mara kumi siku ya kwanza harudi siku ya pili.

Kabla ya maswali, kila mwalimu wa shule ya msingi aliyemo humu aandike kwenye karatasi inayopita jina la shule yake na kama ina mahali pa kusimamisha nguzo mbili. Tutakaa na mafundi mwezi ujao, tuanze na shule zitakazoandika leo. Mwalimu wa kule nyuma, umenyoosha mkono tangu nilipomtaja Gasol. Karibu, uliza.