Mwezi Kwanza, Kamera Baadaye

Assalamu alaykum. Nimealikwa nizungumzie kupiga picha mandhari ya Pemba, na walionisikia kabla wanajua nitaishia wapi: kwenye maji. Mnivumilie.

Vijana wetu wakipata nauli huvuka Unguja, wakaenda Michamvi kupiga picha ya mkahawa ulio juu ya jiwe, ile ile aliyokwisha kuipiga kila mtu. Sina ugomvi na jiwe. Ila mtu kazaliwa Micheweni, hapa hapa Pemba, ukimuuliza pwani ya kwao anakwambia hakuna kitu. Hakuna kitu! Ulikwenda saa ngapi? Mwezi ulikuwa wa siku ngapi?

Kijana mmoja alikuja na kamera ya kuazima, anawataka kina mama wa mwani wakiwa kazini. Kasikia ni bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na maji hutoka mpaka mbali, kafurahi. Kafika saa kumi jioni, mwanga mzuri kabisa. Bahari imejaa hadi kwenye mizizi ya mikoko, ngalawa zinaelea, kina mama wako majumbani wanapika. Bibi mmoja akamwambia, "Mwanangu, si ungeuliza?"

Maana kwetu siku za bamvua maji hukauka saa nne, saa tano asubuhi. Saa kumi yamejaa. Kila mvuvi anajua. Na saa nne jua limeshapanda, mchanga mweupe mtupu, picha inaungua. Sasa ufanye nini? Usingoje mwezi mpevu. Nenda mwezi ukiwa wa siku kumi na mbili tangu kuandama, au ishirini na saba. Kupwa huchelewa kila siku kwa kadiri ya dakika hamsini, basi ukitangulia siku mbili tatu utayakuta maji yanatoka jua likiwa bado chini. Hapo kila mkunjo wa mchanga una kivuli chake, vigingi vya mwani vimechomoza, kamba zinachuruzika maji.

Mtu ataniambia, mzee, simu ina programu ya maji. Vizuri, itazame. Lakini je, itakwambia kusi likivuma mawimbi ya mashariki yatakuwaje? Itakuombea ruhusa kwa hao kina mama? Mwani ni riziki, si maonyesho. Mama akikataa picha, amekataa.

Nilikusudia kusema juu ya vilima vya mikarafuu, tulivyobaki navyo sisi pale dhoruba ya 1872 ilipoilaza mikarafuu ya Unguja. Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, mbio mbio: Msitu wa Ngezi nendeni asubuhi, mkitoka shukeni pwani ya Vumawimbi, si mbali. Kule Kidike, wale popo wakubwa wasiopatikana popote duniani ila Pemba, huruka wakati wa magharibi. Mfike mapema, maana huku kwetu karibu na ikweta jua likianza kuzama halimngoji mtu afungue mkoba. Na msiwapigie makofi ili waruke! Nimeyaona hayo.

Maswali? La simu gani ni nzuri silijibu.