Kwa Kubishana, Bonyeza Moja

SHABANI: Haya, tumerudi. Mkisikia kikombe kinagongwa mezani msishtuke, ni Tunu. Kaja kanuna.

TUNU: Sijanuna. Nimeibiwa.

SHABANI: Ameanza. Jamani, leo tulipanga mambo manne ya kuokoa data, nimeyaandika kabisa kwenye karatasi...

TUNU: Karatasi weka pembeni kwanza. Juzi usiku bando langu limebaki zaidi ya nusu. Napakua faili la kazi, ule mstari umekaribia kabisa kufika mwisho. Inagonga saa sita kamili, mstari ukasimama. Meseji ikaingia: kifurushi chako kimekwisha muda wake.

SHABANI: Pole.

TUNU: Bado hiyo. Nikasema sawa, ninunue jingine. Nafungua apu yao, inaniambia toleo hili limepitwa na wakati, pakua jipya ndipo uendelee. Hakuna "baadaye", hakuna pa kufungia.

SHABANI: Upakue kwa data ipi sasa?

TUNU: Si ndiyo hiyo ninayoifuata kuinunua humo humo ndani!

SHABANI: Ungepiga nyota na reli.

TUNU: Nilipiga. Moja, mbili, tatu, chagua, subiri. Nimefika pa kuthibitisha, nasoma masharti kidogo tu, ikajifunga.

SHABANI: Ile huwa haisubiri mtu. Menyu za nyota na reli hazipiti kwenye intaneti, ndiyo maana unazipata hata data ikiwa sifuri, hata kwenye kiswaswadu. Ila ni ya papo kwa papo. Mtambo unakushikia mstari, ukikawia unakuachia. Na ukurasa mmoja haubebi zaidi ya herufi 182, kwa hiyo masharti yanakatwakatwa, unabonyeza endelea, endelea, muda nao unakwenda.

TUNU: Masharti yanakatwa, bei haikatwi hata siku moja. Basi, nikapiga huduma kwa wateja. Ndipo nilipokutana na yule dada.

SHABANI: Dada gani?

TUNU: Dada wa rekodi. Yule mwenye sauti ya mtu aliyelala akashiba usingizi. "Tafadhali subiri, wahudumu wetu wote wanawahudumia wateja wengine." Kisha muziki. Wimbo uleule, na unakatikia palepale kabla ya kiitikio. Anarudi: "Simu yako ni muhimu sana kwetu."

SHABANI: "Kwa kulalamika, bonyeza moja. Kwa kuendelea kulalamika, bonyeza mbili."

TUNU: Wewe cheka. Unajua nilianza kumjibu? Akisema asante kwa kusubiri, na mimi naitikia, karibu dada.

SHABANI: "Iwapo umeanza kuzungumza na rekodi, tafadhali bonyeza tatu."

TUNU: Shabani!

SHABANI: "Samahani, chaguo lako si sahihi."

TUNU: Msikilizaji, huyu ndiye ninayefanya naye kazi. Halafu kilichoniuma zaidi, dada katikati ya muziki ananishauri: "Je, wajua unaweza kupata huduma hii kwa haraka kupitia apu yetu?"

SHABANI: (anacheka) Hapana. Hapana, umetunga.

TUNU: Nitunge ili iweje? Apu hiyohiyo!

SHABANI: Basi mhudumu alipopokea alisemaje?

TUNU: Alipopokea laini ikakatika.

SHABANI: "Kwa kupiga tena..."

TUNU: Usithubutu. Nisikilize kwa hili. Kero zote hizo chanzo chake ni kimoja. MB nilizilipia, sikuzitumia, wamezichukua. Huo ni wizi.

SHABANI: Hapo sikuungi mkono. Kwani ulinunua kitu cha kuweka kabatini? Ulinunua nafasi kwenye mtandao kwa siku moja. Basi likiondoka na kiti kitupu, kile kiti hakiwezi kuuzwa tena kesho. Na mnara ni hivyo hivyo: uwezo wake wa saa hii usipotumika saa hii umepotea, kampuni haikuuhifadhi mahali.

TUNU: Basi waniuzie kwa saa! Mbona wanapima kwa MB? Kwenye kunikata wanahesabu kiasi, kwenye kuninyang'anya wanahesabu muda. Wachague kipimo kimoja.

SHABANI: Vyote viwili viko kwenye masharti.

TUNU: Masharti yapi, yaliyojifunga nikiyasoma?

SHABANI: (anacheka) Hapo umenipiga. Lakini bando la siku ni rahisi kwa sababu linaisha siku. Kampuni inajua wengi hawalimalizi, bei imepangwa hivyo. Ukilifanya la kudumu, bei inapanda, na atakayeumia ni mwenye kununua kidogo kidogo.

TUNU: Kwa hiyo mimi nisiyemaliza ndiye ninayemlipia anayemaliza? Hilo unalitetea, kaka?

SHABANI: Sitetei, naeleza. Na wapo wanaouza bando lisilo na kikomo cha muda. Uliwahi kununua?

TUNU: Ghali.

SHABANI: Ahaa.

TUNU: Ahaa ya nini? Ghali kwa sababu wameamua liwe ghali! Afrika Kusini mbona iliwezekana? Mwaka 2019 mdhibiti wao, ICASA, alianza kuzitaka kampuni zimpe mteja njia ya kuhamishia data iliyobaki, na hata ya kumgawia mwenzake. Mbona minara haikuanguka?

SHABANI: Kuhamishia si kudumu milele. Ukihamishia, bado kuna siku inaisha. Nao wamekubali kwamba muda ni sehemu ya bidhaa.

TUNU: Wamekubali kwamba kilichobaki ni changu! Kama si changu, namgawiaje mwenzangu?

SHABANI: Tunu, unagawa ulichoruhusiwa kugawa.

TUNU: Nimekaa kwenye hicho kiti chako, nimelipa nauli, dereva ananishusha njiani kwa kuwa saa sita imegonga. Jibu hilo.

SHABANI: Tiketi ilisema saa sita.

TUNU: Haya.

SHABANI: Haya.

(kimya kidogo)

SHABANI: Fundi mitambo ananionyesha vidole viwili. Dakika mbili na karatasi yangu haijaguswa. Haraka: la kwanza, ingia kwenye mipangilio, zuia apu zisijisasishe kwa data ya laini, zisubiri Wi-Fi. La pili, video zisicheze zenyewe...

TUNU: Hayo ni kusema kosa langu.

SHABANI: Sijasema hivyo! La tatu, ruhusa. Tochi inayotaka kujua ulipo, jiulize kwa nini. Mwaka 2013 huko Marekani tume yao ya biashara, FTC, iliibana kampuni yenye apu ya tochi iliyokuwa ikipeleka mahali watu walipo kwa mitandao ya matangazo. Tochi tu! Hiyo peke yake ni kipindi kizima...

TUNU: Hatuna muda.

SHABANI: Tuliupoteza kwa dada wa rekodi.

TUNU: Tuliupoteza kwa kiti cha basi. La nne lilikuwa nini?

SHABANI: Lilikuwa refu. Tulisukume wiki ijayo, na wasikilizaji watutumie kero zao, ila majina ya kampuni wasiyataje.

TUNU: Na waseme MB zilizobaki ni za nani.

SHABANI: Usiwapangie kura.

TUNU: Nimeshawapangia.