Ama Idi, Ama Thelathini

Ndugu walimu, wazazi na vijana mnaohitimu leo,

Walionisikia mwaka jana watanivumilia, kwa kuwa nimerudi na kalenda yangu ileile. Chukueni kalenda yoyote iliyochapishwa hapa Tanzania: Muungano ni tarehe 26 Aprili, Uhuru ni tarehe 9 Desemba, wala hakuna mjadala, lakini mkifika kwenye Idi mtakuta maneno madogo pembeni kwamba siku hiyo itategemea kuandama kwa mwezi. Serikali nzima, pamoja na mahakama zake na benki zake, imekiri kwa maandishi kwamba haijui, na bado hakuna ofisi iliyoanguka.

Mimi nimelelewa Tanga, na jioni ya tarehe 29 Ramadhani ndiyo iliyonifundisha hesabu za uwezekano kabla sijakutana nazo chuoni. Baada ya futari mama, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliroweka mchele wa mkate wa kumimina bila kungoja habari, kwa sababu mwezi ukiandama mchele ule utasagwa kwa ajili ya sikukuu, na usipoandama utasagwa vilevile kwa futari ya kesho. Jogoo, kwa upande wake, alibaki amefungwa mguu kwenye mpera mpaka redio itamke, maana jogoo aliyekwisha chinjwa harudi bandani. Mama hakuuliza kesho ni siku gani. Aliuliza ni kazi ipi inayofaa siku zote mbili na ipi inayofaa moja tu, akaifanya ile ya kwanza na kuiweka kando ya pili. Nasi tulipomsumbua, “Mama, kesho Idi?”, alijibu, “Ama Idi, ama thelathini. Kalaleni.”

Najua yuko kijana hapa anayesema moyoni kwamba hayo ni ya zama za redio, na kwamba simu yake itamwambia mwezi unazaliwa saa ngapi na dakika ngapi. Ni kweli, mwanangu, lakini kuzaliwa kwa mwezi si kuonekana kwake: ukiwa na saa chache tu huwa mwembamba mno na huzama mara baada ya jua, na hata ukikomaa kidogo, wingu moja linatosha kuuficha. Wastani wa mwezi ni siku 29 na nusu na ushei, na sijamwona bado aliyefunga nusu siku. Ndiyo maana tuliachiwa kanuni nyepesi, kwamba mwezi ukifichwa na mawingu tukamilishe 30, na ile tarehe 30 ya Shaaban ambayo watu hawana hakika nayo ikapewa jina kabisa: siku ya shaka. Ama mwezi wa hapa na mwezi wa kwingine, ugomvi huo una wenyewe, nami sijitii humo. Nakumbuka tu kwamba mtaani kwetu nyumba moja imewahi kula Idi huku jirani akiwa amefunga, na sinia la jirani likapelekwa limefunikwa, lingoje magharibi.

Sasa ya mvua, kwa haraka. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa mwelekeo wa Vuli hutaja uwezekano. Sisi tunalikata neno hilo, tunaondoka na ahadi, kisha Desemba tunawaita waongo. Mkulima mzoefu hupanda mahindi kwa awamu na kuacha kipande cha mihogo, na mihogo ile ndiyo mchele wa mama uliorowekwa.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo ya hospitali nayaacha. Mtaniuliza kama mama hakuwahi kupatikana. Mwaka mmoja redio ilitangaza saa tano usiku, akatoka na kisu na taa ya chemli hadi kwenye mpera, akakuta kamba peke yake. Tulikula Idi kwa samaki.